Kupigana Tunajua: Tufundishane Kusimama

(Maneno haya tuliyasema mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka upande wa Kitale na upande wa Bungoma. Tumeyaandika ili yasomwe kwa sauti katika kikundi, na yule asiyejua kusoma naye asikie.)

  

Tumeombwa tuongee juu ya jambo ambalo limeleta ubishi katika vikundi kadhaa. Vijana wanataka kufundishwa karate, judo na taekwondo, na wanaomba kikundi kiwasaidie. Wazee wengine wanakataa. Je, mafunzo haya yanamjenga kijana, ama yanatuletea wahuni?

Tuanze na mama mmoja. Tulikuwa upande wa Kiminini, chini ya mparachichi, kikundi kikihesabu michango ya wiki. Vijana walikuwa wameleta ombi kwamba chama kimlipie nauli mwalimu wa karate awe anakuja kila Jumamosi. Mama huyo akasimama, akakaza leso yake kiunoni, akasema: "Walimu, mtusamehe. Kupigana huku kwetu tunajua tayari. Mume anapigana na mke, kijana anapigana na babake juu ya shamba, na siku ya busaa ni vita. Sasa mnataka tutoe pesa ya chama tuwafundishe kupigana zaidi?"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Sisi hatukucheka. Tulijua mama ameuliza swali la maana, na siku ile hatukuwa na jibu. Haya tunayosema leo ndiyo jibu tulilolitafuta tangu wakati huo. Mtapima wenyewe kama linatosha.

HOFU YA WAZAZI INA SABABU

Hatutaki mtu aseme yule mama ni mwoga. Sisi wa sehemu hizi tumeona nguvu za vijana zikitumiwa vibaya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho wa Kitale ulijaa hema za watu waliofukuzwa makwao. Kule Mlima Elgon, kati ya 2006 na 2008, vijana waliingizwa katika vita vya ugomvi wa mashamba, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa. Familia nyingi zilikimbilia Bungoma na Kitale. Huenda kuna walioketi hapa ambao walikuwa watoto katika zile hema.

Kwa hivyo mzazi akisikia kwamba mtoto wake anafundishwa kurusha teke, anakumbuka. Ana haki ya kukumbuka.

Tena wengi wetu tuliijua karate kwa video. Miaka ile ya themanini na tisini ulikuwa unalipa shilingi chache, unaingia kibanda cha video mjini, unamwona Bruce Lee akiangusha watu ishirini peke yake. Bruce Lee alikuwa amekufa tangu 1973, lakini kwetu alikuwa hai kabisa. Jioni tulirudi nyumbani tukirusha mateke njiani mpaka ng'ombe wa watu wakakimbia. Video ilituonyesha mapigano tu. Haikutuonyesha ile miaka ya mazoezi, wala mwalimu aliyesimama pembeni akisema, "Acha. Rudia tena, polepole."

Hayo ambayo video iliyaacha ndiyo tunayotaka kuyaangalia leo.

MIKEKA 12

Hebu tuone mambo haya yalianza vipi. Mwaka 1882 huko Japani, mwalimu mmoja kijana wa miaka 21, jina lake Jigoro Kano, alianzisha shule ya judo katika mji wa Tokyo. Hakuwa na jengo. Alipata chumba katika hekalu la Eishoji, akatandika mikeka 12. Wanafunzi wake mwaka ule wa kwanza walikuwa 9. Si hicho ni kikundi kidogo kuliko vingi vilivyo hapa?

Kano alikuwa mtu wa elimu, na baadaye aliongoza chuo cha kufundishia walimu. Alichukua mieleka ya zamani ya kwao, na katika mazoezi akaziweka kando zile mbinu za kuvunja na kuumiza. Akabakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kuzijaribu kwa nguvu, na jioni wote wawili warudi nyumbani wakiwa wazima.

Majina yenyewe yana maana. Judo ni "njia ya upole". Karate ni "mkono mtupu". Taekwondo, ambayo ilitoka Korea, ni "njia ya mguu na ngumi". Ile "do" mnayoisikia mwishoni ni njia, yaani namna ya kuishi.

Kano aliwaachia wanafunzi wake mafundisho mawili makubwa. La kwanza: tumia nguvu zako mahali zinapofaa, usizimwage ovyo. La pili: wewe na mwenzako mfaidike pamoja. Sasa hilo la pili, kwani haliko katika katiba ya kila chama hapa? Katika judo huwezi kujifunza peke yako. Mwenzako anakuazima mwili wake ujifunze kuangusha, halafu wewe unamwazima wako. Ukimuumiza leo, kesho huna wa kujifunza naye. Ni kama mzunguko wa pesa. Ukila zamu yako ukatoroka, umemwibia mwenzako, na wewe mwenyewe umevunja kiti ulichokuwa umekalia.

MAMBO MANNE KABLA YA NGUMI

Tumekaa na vijana wanaofanya mazoezi, tukatazama. Tumeona kwamba mwalimu mzuri hufundisha mambo manne kabla hajafika kwenye ngumi. Haya manne ndiyo yanayomsaidia kijana nyumbani, shambani na kazini.

Kwanza ni kufika. Mazoezi yakiwa saa mbili, ni saa mbili. Aliyechelewa anasimama pembeni mpaka mwalimu amwite. Hakuna kelele, hakuna matusi, lakini kila mtu amekuona. Anayefika mapema ndiye anayefagia uwanja na kuokota mawe. Tena mazoezi ni yale yale: teke moja mara mia, leo, kesho na wiki ijayo. Mtu haendi kutoka mkanda mweupe mpaka mweusi kwa mwezi mmoja. Ni kazi ya miaka. Kijana aliyezoea hivyo, ukimwambia habari ya kuweka shilingi ishirini kila wiki mpaka mwisho wa mwaka, hashtuki. Ameshajua kwamba haba na haba hujaza kibaba, na amejua kwa miguu yake mwenyewe.

Pili ni salamu. Kabla ya kuanza, mnaangaliana na kuinamisha kichwa, na mkimaliza ni hivyo hivyo. Ndugu wengine wa kanisani wametuuliza, je, huko si kuabudu? Tumewajibu kwamba katika mazoezi tuliyoyaona, kijana anamwinamia mwenzake na mwalimu wake, kama vile kwetu mtoto anavyompa mzee mkono huku mkono wa pili umeushika ule wa kwanza. Ni heshima ya mtu kwa mtu. Mzazi ambaye bado ana wasiwasi aje akae aone. Mwalimu anayekataa wazazi wasione mazoezi, huyo msimchukue.

Tatu ni kuanguka. Jambo hili lilitushangaza. Mwanafunzi wa judo haanzi kwa kujifunza kumwangusha mtu. Anajifunza kuanguka yeye mwenyewe. Kidevu kwenye kifua, ili kisogo kisigonge chini. Mgongo uwe mviringo, ubingirike. Mkono wote upige ardhi kwa ubapa, kiganja kikiangalia chini. Usitangulize mkono ulionyooka ujizuie nao, maana hapo ndipo kifundo cha mkono huvunjika. Nyinyi wa boda boda mnasikia? Haimaanishi mwache helmeti nyumbani. Lakini mtu aliyezoea kuanguka haogopi ardhi, na asiyeogopa ardhi hafanyi mambo ya wazimu akianguka.

Na kuna kuanguka kwingine. Bei ya mahindi inaanguka. Mtoto anaanguka mtihani. Mkopo unakwama. Hapo tuna mfano wa karibu. Faith Ogallo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, papa hapa Bungoma. Alicheza mpira wa kikapu kabla ya kuingia taekwondo. Mwaka 2019 alipata medali ya fedha katika Michezo ya Afrika huko Rabat, Moroko. Februari 2020, katika mji huo huo, alipata nafasi ya kwenda Olimpiki ya Tokyo. Halafu Korona ikaingia, na michezo ikaahirishwa mwaka mzima. Ilipofika Julai 2021, pambano lake la kwanza lilikuwa na Milica Mandić wa Serbia. Ogallo alishindwa, na Mandić akaendelea mpaka akachukua dhahabu.

Mtu anaweza kuuliza, basi alienda kufanya nini? Sisi twasema, alienda kusimama mbele ya mtu hodari kuliko wote, na hakutoroka. Msichana wa kijijini akijua kwamba mtu aliyesomea Bungoma alifika mpaka pale, naye siku moja akianguka katika jambo lake, atajua kwamba kuanguka si kufa.

Nne, na hili ndilo kubwa, ni kusimama. Tunamaanisha kuacha. Katika karate mwalimu akisema "Yame!" kila kitu kinasimama. Katika judo husema "Matte!" yaani ngoja. Hata kama ngumi iko njiani, inaishia hapo. Hata kama wewe ndiye uliyepigwa mwisho na unataka kulipiza, unasimama, unarudi mahali pako, unatengeneza nguo zako. Vijana hulirudia jambo hili mara nyingi kuliko teke lolote.

Tufikirie hapo kidogo. Ni wangapi wako gerezani leo si kwa sababu walizaliwa wabaya, bali kwa sababu dakika moja walishindwa kusimama? Ni nyumba ngapi zimevunjika kwa kofi moja? Wazee walisema hasira hasara, lakini kusema hakutoshi. Mwili nao unahitaji kufundishwa. Kijana aliyesimamishwa mara elfu akiwa na hasira ya mchezo, siku ya hasira ya kweli mwili wake utakumbuka.

MAMBO HAYA SI MAGENI KWETU

Wengine husema, hayo ni ya Wajapani, sisi tuna yetu. Ni kweli tuna yetu, na hayapingani. Wabukusu wanajua. Mwaka wa tohara ukifika, mwaka ule unaogawanyika kwa mbili, mvulana hucheza khuminya akipiga njuga, anawaalika wajomba na shangazi, na asubuhi ya siku yenyewe anasimama wima bila kupepesa jicho. Lakini wazee hawakusema kwamba sasa kwa kuwa hakulia, yeye ni mwanamume, basi aende zake. Alikaa, akafundishwa, mpaka siku ya khukhwalukha akatoka akiwa anajua wajibu wake kwa wazazi, kwa jirani na kwa nyumba atakayoijenga. Ujasiri ulikuwa wa asubuhi moja. Mafunzo yalikuwa ya miezi.

Siku hizi likizo ni fupi, shule zinafunguliwa, na mafunzo hayo mara nyingi yanakatwa. Ujasiri unabaki bila mafunzo. Hapo ndipo tuna shida, iwe ni kwa tohara ama kwa karate.

WASICHANA NA AKINA NYANYA

Tusiwafikirie wavulana peke yao. Kule Korogocho, Nairobi, akina nyanya walianza kujifunza kujikinga kwa sababu wabakaji walikuwa wanawavamia wazee wanaoishi peke yao. Kina shosho wa miaka sitini, sabini na zaidi, wanafundishwa kupiga puani na sehemu za siri, na kwanza kabisa wanafundishwa kupaza sauti: "Hapana!" Hawashindanii medali. Wanataka walale usingizi.

Katika mitaa hiyo hiyo ya mabanda ya Nairobi, wasichana wa shule walifundishwa kujikinga, vipindi sita vya saa mbili mbili. Watafiti waliofuatilia wasichana karibu 2,000 waliandika mwaka 2014 kwamba, kati ya waliofundishwa, visa vya kubakwa vilipungua kutoka karibu 18 kwa kila wasichana 100 kwa mwaka mpaka karibu 11. Zaidi ya nusu walisema wametumia walichofundishwa kuzuia shambulio. Na mafunzo yenyewe hayakuanza na ngumi. Yalianza na kujua kwamba mwili wako ni wako, kutazama mtu machoni, na kusema hapana kwa sauti ya kusikika.

Hapa kwetu msichana anatumwa kisimani jioni, anatumwa kusaga mahindi, anapita kwenye mahindi marefu peke yake. Tumemfundisha adabu ya kuinamisha macho na kusema kwa sauti ndogo. Adabu ni nzuri. Lakini awe na sauti nyingine pia, ya kutumia siku ambayo adabu imevunjwa na mtu mzima. Na tuseme wazi: akivamiwa na asiweze kujikinga, kosa si lake. Kosa ni la aliyemvamia, na sheria ya 2006 ya makosa ya kingono ipo.

GARI LILILOKUJA WAKATI WA KAMPENI

Sasa tuwaambie mahali sisi wenyewe tulipokosea, ili nyinyi msirudie.

Kile kikundi cha chini ya mparachichi hatimaye kilikubali. Mwalimu alikuja, vijana 21 wakajiandikisha. Magunia ya mahindi yalijazwa majani makavu yakawa mikeka. Tulifurahi sana. Kila tulipopita tulikuwa tunawauliza, "Nani ana teke la juu zaidi?" Tulipiga makofi, tukapiga picha.

Kampeni za 2022 zilipopamba moto, gari lilisimama sokoni. Mtu akashuka akauliza, "Wale vijana wa karate wako wapi?" Alikuwa na pesa za siku, fulana na chakula. Alitaka vijana wa kulinda mikutano, na nyote mnajua kulinda huko huwa ni nini. Vijana watano wakapanda. Yule mwenye teke la juu kuliko wote ndiye aliyepanda kwanza.

Tulikaa chini tukajiuliza. Mwalimu alikuwa amefanya kazi yake. Sisi ndio tulikuwa tumesifu teke. Hatukuwahi kumsifu yule kijana mkimya aliyekuwa akifagia uwanja kila Jumamosi, na huyo hakupanda gari. Tena kikundi hakikuwa na sheria yoyote juu ya jambo hili. Tuliandika sheria juu ya faini ya kuchelewa kulipa mchango, lakini juu ya nguvu za watoto wetu hatukuandika kitu.

Uchaguzi ulipokwisha, wawili kati ya wale watano walirudi kuomba msamaha. Mmoja alikuwa na kovu jipya juu ya jicho. Kikundi kilibishana mpaka giza likaingia. Wengine walisema wafukuzwe kabisa. Yule mama, yule yule aliyeuliza swali, ndiye aliyesema: "Mkiwafukuza, gari lijalo litawakuta barabarani. Warudi, lakini waanzie chini." Ikakubaliwa kwamba warudi kwenye mkanda mweupe, wafagie uwanja kwa miezi mitatu, na wapalilie shamba la kikundi pamoja na wengine. Mmoja alikataa, akaenda zake. Yule mwenye kovu alikubali.

Leo ni mwendeshaji wa boda boda. Juzi juzi kwenye steji, mteja mlevi alikataa kulipa, akamzaba kofi mbele ya watu. Wenzake walisimama wakingoja kuona teke. Kijana akarudi nyuma hatua mbili, akafungua viganja vyake vyote viwili, akasema: "Mzee, umenikosea. Sitakupiga. Nilipe, uende nyumbani." Wenzake wakamzunguka yule mzee, pesa ikalipwa, wakamtafutia wa kumrudisha kwake. Tulipomuuliza kijana alikuwa anafikiri nini, akasema, "Sikufikiri. Nilisikia tu mwalimu akisema Yame."

KIKUNDI KIFANYE NINI

Kwa yale tuliyojifunza, tunawashauri hivi:

1. Mjue mwalimu kwanza. Ulizeni alifundishwa na nani, na amefundisha wapi. Ongeeni na wazazi wa kule alikotoka. Mkanda mweusi si barua ya tabia njema.

2. Mazoezi yafanyike mahali pa wazi na mchana. Awepo mtu mzima mmoja wa kikundi kila mara, na kwa wasichana awepo mama. Mtoto asibaki peke yake na mwalimu.

3. Hakuna viboko. Katiba ya 2010 imekataza adhabu hiyo, na mwalimu anayehitaji fimbo hajajua kazi yake. Mtoto akiona vibaya, ajue anaweza kupiga simu namba 116, ambayo hailipishwi.

4. Anzeni na mlicho nacho. Uwanja wa nyasi uliofagiliwa unatosha, na miguu mitupu. Nguo nyeupe na mikanda vinaweza kungoja. Kabla ya kuangushana, hakikisheni kuna kitu laini chini, na mjue zahanati iliyo karibu iko wapi.

5. Kijana asipande mkanda kwa teke peke yake. Mwenyekiti aulizwe: huyu anafika kwa wakati? Anasaidia nyumbani? Amepigana nje? Kama amepigana nje bila kujikinga, anangoja.

6. Andikeni katika kitabu cha kikundi, kila mwanafunzi na mzazi watie sahihi ama kidole: nguvu hizi hazikodishwi. Si kwa mwanasiasa, si kwa mwenye ugomvi wa shamba, si kwa mtu yeyote.

7. Unganisheni mazoezi na kazi. Wale vijana wa Jumamosi walipalilia shamba la kikundi kwanza, ndipo wakafanya mazoezi. Nauli ya mwalimu ilitoka katika mahindi yale yale, hata chama hakikuguswa.

TUNAMJIBU MAMA

Mama, ulisema kupigana tunajua. Ni kweli, tunajua. Kitu ambacho hatukujua ni kusimama, na hicho mtu hazaliwi nacho. Kinafundishwa polepole, kwa kurudiwa, mbele ya watu wanaomwangalia kijana na kumjua kwa jina. Karate ni njia moja ya kukifundisha. Mpira unaweza, kwaya inaweza, hata shamba linaweza, kama kuna mwalimu mvumilivu na masharti yanayoshikwa. Lakini kwa kijana ambaye tayari ana moto mikononi, tumeona kwamba njia hii humkuta pale pale alipo.

Na hofu yako usiitupe, mama. Kaa nayo kwenye uwanja kila Jumamosi. Mwalimu ataangalia teke, nawe uangalie kijana. Kazi hii inahitaji nyote wawili.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, nguvu za vijana zinatumiwa na nani kwa sasa? Nani anawalipa, na kwa kazi gani?

2. Mara ya mwisho ulipokasirika sana, ni nini kilikusimamisha? Kama hakuna kilichokusimamisha, ilikugharimu nini?

3. Tunawasifu watoto wetu kwa mambo gani? Nani kati yao anafagia uwanja, na hatujawahi kumtaja?

4. Msichana wa hapa akisema "Hapana!" kwa sauti, nani atatoka nyumbani kwenda kumsaidia? Tutajieni majina.

5. Gari likija wakati wa kampeni zijazo, sisi kama kikundi tumekubaliana kusema nini?